Mpigaji Yuko Kwenye Laini

Kwa miaka ishirini na miwili, mtu yeyote aliyepiga simu manispaa alikutana kwanza na sauti yake. "Manispaa, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Ilikuwa sauti nzito kidogo, isiyo na haraka. Hata aliyepiga akiwa amefura kwa hasira alijikuta ameshusha mabega kabla hajaanza kulalamika. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye faili la utumishi. Mjini aliitwa Mama Simu, na mumewe, fundi saa mwenye kibanda karibu na soko, naye akaitwa Baba Simu, ingawa simu zenyewe alikuwa hazipendi.

Kisha simu za mezani zikaondolewa. Walikuja mafundi wawili wakaing'oa swichibodi ukutani kama jino bovu, wakaacha mashimo manne na vumbi. Wananchi, aliambiwa, sasa wanazungumza na serikali yao mtandaoni. Mama Simu akahamishiwa ghorofa ya pili, kitengo cha mawasiliano: chumba cha meza tatu, feni inayolialia, na pazia la buluu la kupigia picha. Kazi yake ikawa kusoma maoni ya wananchi kwenye ukurasa wa manispaa na kuyajibu.

Wapo waliodhani mama wa miaka hamsini na minane atashindwa na kompyuta. Wiki mbili zilimtosha. Kilichomshinda kilikuwa majibu. Mkuu wa kitengo, Afisa Habari, mwanamume mtanashati aliyekuwa na umri wa mwanawe wa kwanza, alimkabidhi majibu matatu yaliyokwisha kuandikwa: moja la shukrani, moja la subira, moja la pole.

"Wewe nakili, bandika, Mama," alimwambia. "Usiongeze wala usipunguze."

"Na mtu akiuliza kitu chenye jibu?"

"Jibu analo Mkurugenzi."

"Basi nimuulize Mkurugenzi."

Afisa Habari alicheka kwa adabu, kama mtu anayemchekea mtoto wa wageni. "Mama, watu hawaulizi ili wajibiwe. Wanauliza ili waonekane wameuliza. Sisi tunawaonyesha kwamba tumewaona. Ndiyo kazi."

Mama Simu akaenda kunakili na kubandika.

Mwezi wa tatu ndipo alipojitokeza mkunga. Hakutumia jina. Ukurasa wake ulikuwa na picha ya mkasi wa kukatia kitovu, na maneno yake yalikuwa machache: "Zahanati ya mama na mtoto, kule mlimani. Siku ya tano hatuna maji. Pampu imeharibika. Itatengenezwa lini?" Mama Simu akabandika jibu la subira. Kesho yake: "Siku ya sita. Itatengenezwa lini?" Akabandika la shukrani. Siku ya saba akabandika la pole, na hapo majibu yakamwishia, ikabidi aanze upya.

Siku hiyo hiyo manispaa iliweka picha ya Mkurugenzi akifungua bomba jipya kwenye bustani ya mbele ya ofisi, maji yanaruka, makofi. Chini ya picha mkunga akaandika: "Hayo maji yanapandaje huku? Siku ya saba." Watu mia nne wakaunga mkono. Wengine wakaanza kumuulizia hali kila asubuhi, kama mtu anayeulizia mgonjwa.

Siku ya kumi na tisa Afisa Habari alivuta kiti karibu na meza ya Mama Simu.

"Huyu wa mkasi," alisema taratibu. "Tumfungie."

"Ametukana?"

"Hajatukana. Anaharibu ukurasa. Tunaweka habari njema, yeye anaingia na namba zake. Mkurugenzi ameona, hakupenda. Bonyeza hapo, halafu hapo. Atakuwa haoni, wala haonekani."

Mama Simu aliiangalia ile sehemu ya kubonyeza. Katika miaka yake ya swichibodi alikuwa ametukanwa, ameliliwa, ameimbiwa, ameombwa uchumba mara mbili. Hakuwahi kumkatia mtu simu. Waliomfundisha kazi walimwambia jambo moja tu lenye uzito: laini haikatwi na opereta, laini inakatwa na mpigaji.

"Bonyeza wewe," alisema. "Mimi kidole changu kinauma."

Afisa Habari akamtazama, akanyoosha mkono juu ya bega lake, akabonyeza. Mkasi ukatoweka.

Jioni alimsimulia mumewe. Mzee alikuwa amefunga kioo chake cha jicho moja, ameinamia saa ya mwanamke isiyozidi ukucha.

"Umebakiza miaka miwili ustaafu," alisema bila kuinua kichwa. "Wenye kushika mpini ni wao. Wewe umeshika makali. Kwa nini ukaze mkono?"

"Sijakaza mkono. Nimesema kidole kinauma."

"Wameelewa, mke wangu. Hawa si wajinga."

Alijua mumewe hakusema kwa woga wa bure. Nyumba yao ilikuwa bado ina bati za upande mmoja mpya na upande mwingine za zamani, na mafao ya ustaafu yalikuwa yamekwisha pangiwa kazi tangu hayajalipwa. Lakini usingizi wake siku hizo ulikuwa wa mang'amung'amu, kila akisinzia anasikia simu inaita na hakuna wa kuipokea.

Jumamosi akavaa viatu vya chini akapanda mlimani.

Zahanati ilikuwa nyumba ndefu ya chokaa iliyobabuka, benchi mbili barazani, na wanawake wanane wamekaa kwa kupokezana kivuli. Kabla hajasema amekuja kufanya nini, mwanamke mfupi mwenye aproni ya plastiki alitokea mlangoni, akamkabidhi ndoo.

"Umemleta nani? Mkwe? Binti? Haidhuru. Kila anayesindikiza anateka ndoo moja. Kisima kiko chini, fuata njia ya mawe. Angalia usiteleze, uzi wa kukushonea mguu leo sina."

Mama Simu akachukua ndoo. Kushuka kulikuwa dakika kumi. Kupanda, na ndoo imejaa, hakuhesabu. Mbele yake alikuwepo dereva wa lori ambaye mkewe alikuwa na uchungu tangu alfajiri. Jitu la miraba minne, amebeba madumu mawili, anapanda huku ananung'unika sala. Walipofika juu, maji yalimiminwa kwenye pipa lenye kifuniko, na mwanamke mmoja akatia dawa kwa kijiko. Ndani, mkunga alikuwa ananawa mikono kwa kikombe kimoja. Alisugua kila kidole, katikati ya vidole, chini ya kucha, halafu akasuuza kwa maji yasiyozidi chozi, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kubana.

"Sijamsindikiza mtu," Mama Simu alisema. "Mimi natoka manispaa. Ninayejibu maoni."

Mkunga aligeuka, mikono juu, inachuruzika.

"Kumbe wewe ndiye Asante-kwa-Maoni-Yako?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mashine." Hakusema kwa kejeli, ilikuwa kama anamwomba radhi. "Ningejua ni mtu ningeandika vingine. Mashine huiambii mambo yote. Wiki iliyopita nilimsafisha mzazi kwa maji yaliyobaki kwenye birika la chai. Hilo sikuliandika. Na sasa siwezi hata kuufungua ukurasa wenu."

"Wamekufungia."

"Wewe hukunifungia?"

"Nilikataa. Lakini nilikuwa nimekaa pale pale wakati unafungiwa."

Mkunga akafikiri kidogo, akajipangusa kwa kitambaa safi. "Watu wananiambia ninyamaze, nisije nikahamishwa. Mimi nawaambia mficha uchi hazai. Kwenu hiyo ni methali. Huku kwangu ni kazi." Toka chumba cha pili mwanamke alipiga ukelele mrefu, na mkunga akaondoka mbio. Mama Simu akachukua ndoo, akashuka tena kisimani. Alishuka mara nne siku ile. Mara ya nne dereva wa lori alikuwa amekaa chini ukutani, analia na kucheka kwa pamoja; amepata binti.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kipindi. Kila baada ya miezi mitatu Mkurugenzi alikaa mbele ya pazia la buluu saa nne asubuhi, akajibu maswali ya wananchi mubashara mtandaoni. Kipindi kiliitwa "Uliza, Nakusikia." Kwa kawaida aliyesoma maswali alikuwa Afisa Habari mwenyewe, lakini mafua yalikuwa yamemkaba, sauti imekwenda na maji.

"Mama atasoma," alisema kwa sauti ya kukwaruza, akamkabidhi karatasi. "Ni maswali matano. Soma kama yalivyo. Mimi nitasimama kwenye kamera."

Mama Simu akayapitia. La kwanza lilitoka kwa Mpenda Maendeleo: "Mheshimiwa, unapata wapi nguvu ya kututumikia mchana na usiku?" La pili lilitoka kwa Mkazi Mwema, aliyetaka kujua siri ya usafi wa mji. Yote matano yalikuwa yameandikwa kwa mkono mmoja, tena alijua ni wa nani, maana mwandishi huyo hakujua kutofautisha "hakuna" na "akuna."

Mkurugenzi aliingia, akarekebisha tai, akamsalimia kwa heshima. Hakuwa mtu mbaya ukikutana naye kwenye ngazi; alikumbuka majina ya watoto wa watu. Taa ikawashwa. Mama Simu akasogeza kipaza sauti, akasema, bila hata kufikiri, "Manispaa, habari za asubuhi."

Huko nje watu elfu tatu walikuwa wanatazama, na maoni yakaanza kukimbia kwenye skrini ndogo mezani kwake. Hiyo sauti naijua. Jamani si Mama Simu huyo? Mama Simu yu hai? Aliniunganisha na zimamoto mwaka ule nyumba ya shangazi ilipoungua.

Akasoma swali la kwanza. Mkurugenzi akaeleza kwamba nguvu anaipata kwa wananchi wenyewe. Akasoma la pili. Mkurugenzi akaeleza siri ya usafi, ambayo ilikuwa ushirikiano. Wakati anaeleza, Mama Simu aliyatazama maswali yaliyobaki. Alimfikiria mumewe, bati, miaka miwili. Halafu akaigeuza karatasi, maandishi yakaangalia meza.

"Swali la tatu," alisema, "linatoka kwa mkunga wa zahanati ya mama na mtoto, mlimani. Anasema leo ni siku ya ishirini na sita zahanati haina maji. Pampu imeharibika. Anauliza itatengenezwa lini."

Mkurugenzi alitabasamu, akageuza macho upande wa kamera. "Hilo lipo kwenye karatasi?" aliuliza kwa sauti ya chini, na kipaza sauti kikalibeba lile neno hadi kila mahali.

Afisa Habari alikuwa anapunga mikono nyuma ya kamera kama mtu anayefukuza ndege shambani. Mama Simu hakumtazama.

"Mpigaji yuko kwenye laini, Mkurugenzi," alisema kwa ile sauti yake ya miaka yote. "Nimwambie asubiri, au unamjibu?"

Mkurugenzi akajikohoza.

"Suala la maji ni mtambuka," alianza. "Serikali inalitambua. Wataalamu wetu wako katika hatua mbalimbali za mchakato wa..."

"Samahani. Mpigaji hajauliza kuhusu hatua. Ameuliza lini."

"Hivi karibuni."

"Anazalisha akina mama wanne hadi sita kwa siku, ananawa kwa kikombe. Anaomba siku."

Mkurugenzi alimwangalia, na kwa mara ya kwanza Mama Simu aliona ule uso umekosa pa kukimbilia. Haukuwa uso wa hasira bado. Ulikuwa wa mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Ijumaa," alisema.

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

"Nimeandika. Nashukuru, Mkurugenzi. Swali la nne linatoka kwa muuza viatu wa sokoni, kuhusu mtaro wa maji machafu ulioziba mbele ya..."

Hapo Afisa Habari alivuta waya, na taa ya kamera ikazimika.

Kilichofuata kilienda haraka. Aliambiwa atoke nje, akatoka. Aliambiwa arudi, akarudi. Mkurugenzi alikuwa amekwisha ondoka. Afisa Habari, sauti yake haipo, alijaribu kupiga kelele ikatoka kama jogoo anayekabwa. "Umenimaliza, Mama. Miezi sita nimejenga huu ukurasa."

"Mwanangu," Mama Simu alimjibu, "umejenga ukuta ukauchora dirisha."

Mumewe alikuwa ameona yote kwenye simu ya mteja. Mama Simu alipofika nyumbani alimkuta amekaa kizingitini, jambo asilolifanya mchana.

"Niliacha saa ya watu wazi mezani," alisema. "Tangu nianze kazi sijawahi kuacha saa wazi. Vumbi limeingia, itabidi nianze upya."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika." Akasogea, akampisha nafasi ya kukaa. "Ile ya 'Ijumaa hii' ilikuwa safi, lakini."

Maji hayakuja Ijumaa. Yalikuja Jumapili, ya kahawia saa nzima ya kwanza, kisha yakatakata. Ikajulikana kwamba kifaa kilichohitajika kilikuwa stoo ya manispaa tangu juma la pili, kinangoja sahihi ya mtu aliyekuwa semina. Ukurasa ukaweka picha ya Mkurugenzi amesimama kando ya bomba la zahanati. Walitaka mkunga asimame pembeni yake. Akasema ana mzazi ndani, na kweli alikuwa naye.

Jumatano Mama Simu aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Watu watatu, meza moja, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa. Aliyeongoza alikuwa Afisa Utumishi, mwanamke waliyeanza naye kazi mwaka mmoja, waliyewahi kuazimana naye hata nguo za harusi. Alimsomea shtaka: kusoma mubashara swali ambalo halikuidhinishwa.

"Unakiri?"

"Nakiri nimelisoma. Naomba nionyeshwe kanuni inayosema swali la mwananchi linaidhinishwa."

Wakapekua karatasi. Mmoja akasema siyo kanuni, ni utaratibu.

"Utaratibu umeandikwa wapi?"

"Dada yangu," Afisa Utumishi akasema, akaweka kalamu chini, "tusifike huko. Tumekuandalia barua ya kuomba radhi. Mistari mitatu. Unaweka sahihi, unarudi kwenye meza yako, tunayamaliza kwa amani. Umebakiza muda mfupi."

Akaisukuma barua mezani. Mama Simu aliisoma yote. Ilisema anajutia kwa dhati kuwapotosha wananchi. Aliisoma mara ya pili ili ahakikishe neno ni lile lile.

"Kupotosha ni kusema uongo," alisema. "Uongo niliosema mimi ni ule wa kunakili na kubandika. Ule nipo tayari kuuombea radhi, tena kwa herufi kubwa, nikaiweke radhi hiyo kwenye ukurasa huo huo. Mkinikubalia, nipeni kalamu. Hii hapa siweki."

"Ukikataa, tunakuhamisha masjala."

"Masjala si jela."

"Na nyongeza ya mwaka huu huipati."

Hapo aliumia, wala hakuuficha uso wake. Aliona bati kuukuu za upande wa nyuma, aliona mvua. Kisha akairudisha barua mezani polepole, ikiwa safi kama ilivyokuja.

"Basi nisiipate."

Masjala ilikuwa chini kabisa, karibu na mlango wa kuingilia, chumba cha rafu na harufu ya karatasi zilizolowa zikakauka. Siku hiyo hiyo alipohamia, manispaa ilifunga sehemu ya maoni. Ukurasa ukabaki wa picha tu. Afisa Habari alidhani amekata mzizi wa fitina.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mapokezi walikuja kumgongea. Msichana wa mapokezi hakujua la kufanya: kulikuwa na watu ukumbini. Mama Simu akachungulia. Muuza viatu wa sokoni alikuwepo, na dereva wa lori akiwa amembeba binti yake ndani ya kanga, na wengine kama ishirini asiowajua, na mstari ulikuwa unatoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Kila mmoja alishika kikaratasi. Wengine walikuwa wamechapa yale maoni yao ya zamani, pamoja na jibu la subira chini yake.

"Wanasema ukurasa umefungwa," msichana alinong'ona, "kwa hiyo wamekuja wenyewe. Wanakutaka wewe. Niite askari?"

Juu ya ngazi alisimama Afisa Habari, mkono kwenye reli. Alimwona Mama Simu. Alitikisa kichwa, taratibu: hapana.

Mama Simu alirudi masjala. Akatoka na kiti, akarudi tena, akatoka na meza ndogo ya miguu mitatu, dereva wa lori akaipokea kwa mkono mmoja. Akaiweka katikati ya ukumbi, pale ambapo kila anayepanda ofisi yoyote lazima apite. Akafungua daftari jipya la kumbukumbu, akaandika tarehe, akachora safu mbili: moja ya swali, moja ya siku ya kujibiwa.

Mbele ya mstari alikuwa bibi mwenye fimbo, aliyekuja kuulizia taa ya kivuko cha shule.

"Karibu, bibi, kaa," alimwambia. "Uliza swali lako hivyo hivyo ulivyokuja nalo. Na usiondoke kabla hujaona nimeandika."